Mgonjwa wa Hospisi Hafai Kuachwa na Maumivu

Familia nyingi hutoka hospitalini na sentensi moja masikioni: mrudisheni nyumbani mkamtunze. Aliyeisikia huielewa kwamba matibabu yamekwisha. Kuanzia siku hiyo mgonjwa hulala chumba cha ndani akiumwa, na watu wa nyumbani humpa Panadol mbili asubuhi na mbili usiku, wakimwambia avumilie. Kilichokwisha hapo ni jitihada ya kuuondoa ugonjwa wenyewe. Maumivu, kichefuchefu, kukosa pumzi, kidonda kinachonuka na hofu ya usiku bado vina matibabu, na sehemu kubwa ya matibabu hayo hufanyika nyumbani, kando ya kitanda cha mgonjwa.

Huduma hiyo huitwa huduma shufaa, na watoaji wake wanaojulikana zaidi ni hospisi. Jina hilo limewatisha watu bure. Wapo wanaodhani hospisi ni jengo ambako mgonjwa hupelekwa kungojea kufa, ilhali hospisi nyingi za Kenya hazilazi wagonjwa. Mgonjwa huja kliniki mchana, huonwa na muuguzi na daktari, hupewa dawa na maelekezo, kisha hurudi kwake. Akishindwa kutembea, muuguzi humfuata nyumbani au humpigia simu yule anayemuuguza. Nairobi Hospice, iliyo ya kwanza nchini, ilianza mwaka wa 1990 katika uwanja wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Zikafuata nyingine, zikiwemo Coast Hospice mjini Mombasa na hospisi za Nyeri, Meru, Eldoret na Kisumu. Baadhi ya hospitali za rufaa za kaunti pia zimefungua vitengo vyao vya huduma shufaa.

Wengi wa wanaohudumiwa ni wagonjwa wa saratani, hasa saratani ya mlango wa uzazi, ya matiti, ya umio na ya tezi dume. Lakini mlango uko wazi pia kwa mwenye figo zilizofeli, moyo uliochoka, mapafu yaliyoharibika, kiharusi kilichomlaza, au UKIMWI uliofika mbali. Watoto wenye selimundu, ugonjwa ulioenea Pwani na Magharibi, hupata vipindi vya maumivu makali yanayohitaji dawa zilezile kali anazopewa mtu mzima mwenye saratani.

Huduma hii pia haingoji matibabu mengine yashindikane. Mama anayesafiri kwenda kupigwa miale anaweza mwezi huohuo kuwa mgonjwa wa hospisi, apunguziwe maumivu ili aweze hata kukaa kwenye gari hadi afike huko. Wanaopelekwa hospisi wiki ya mwisho, akili ya mgonjwa ikiwa imeshachoka kwa maumivu ya miezi, hunufaika kidogo sana kuliko ambavyo wangenufaika wangeenda mapema.

Maumivu hupimwa kabla ya kutibiwa

Mwanzilishi wa hospisi za kisasa, Cicely Saunders wa Uingereza, alikuwa muuguzi, kisha mfanyakazi wa ustawi wa jamii hospitalini, na mwisho akasomea udaktari. Alifungua St Christopher's Hospice mjini London mwaka wa 1967. Aliona kwamba mgonjwa hupewa dawa pale tu anapolia, kwa hiyo hujifunza kungoja maumivu yarudi kwa hofu, na hofu yenyewe huyazidisha. Akasisitiza dawa itolewe kwa saa, kabla maumivu hayajarudi. Alifundisha pia kwamba maumivu ya mgonjwa huyu yana pande nne: mwili, akili, watu wake, na imani yake. Dawa peke yake haitamtuliza baba anayelala macho akiwaza karo ya mtoto wa kidato cha tatu.

Ndiyo maana muuguzi wa hospisi huuliza maswali mengi. Wapi panauma? Panachoma, panadunda au panabana? Usiku au ukijigeuza? Asiyeweza kutaja namba huonyesha kwa mkono: ngumi iliyofumbwa ni hakuna maumivu, vidole vitano ni maumivu yasiyostahimilika. Mtoto huonyeshwa michoro ya nyuso, kuanzia inayotabasamu hadi inayolia, achague yake. Majibu haya yana kazi. Maumivu ya mfupa hujibu vizuri dawa za jamii ya ibuprofen, na mara nyingi miale. Yale yanayochoma kama pilipili au kupita kama umeme ni ya neva, na yana dawa zake, mfano amitriptyline, ambayo watu huijua kama dawa ya mfadhaiko na hushangaa kuiona kwenye karatasi ya mgonjwa wa saratani. Mgonjwa mmoja anaweza kuwa na aina mbili au tatu kwa wakati mmoja.

Tatizo ni kwamba wengi hawasemi. Wanaume wamelelewa kujikaza, na mzee hataki mkwe amsikie akilia. Akina mama wamezoea kuambiwa wavumilie. Anayemuuguza hana budi kutazama badala ya kungoja aambiwe: uso uliokunjamana, kukataa kugeuzwa, kukosa usingizi, hasira asizokuwa nazo zamani, chakula kinachorudi jikoni kama kilivyokwenda.

Chupa ya morfini

Maumivu makali ya saratani hayaondoki kwa Panadol wala kwa sindano ya duka la dawa. Dawa yake kuu ni morfini, na kwa matumizi ya nyumbani hutolewa zaidi ikiwa maji ya kunywa: unga wa morfini huchanganywa na maji na kihifadhi katika famasi ya hospitali au hospisi na kutiwa kwenye chupa. Ni dawa ya bei nafuu. Kinachoizuia kumfikia mgonjwa mara nyingi ni woga, wa familia na wakati mwingine wa wahudumu wenyewe.

Woga huo una sababu. Morfini hutokana na afyuni, na heroini hutengenezwa kutokana na morfini. Mkaazi wa Pwani aliyeona vijana wa mtaa wake wakiishia kwenye unga ana haki ya kuuliza kama mama yake atageuzwa teja. Jibu ni kwamba mgonjwa anayekunywa morfini kwa kipimo cha daktari, kwa sababu ya maumivu, ni nadra sana kupata uraibu. Teja huitafuta dawa ili alewe, na maisha yake huvurugika kadiri anavyoipata. Mgonjwa huinywa ili aamke, aoge, ale na wenzake. Ni kweli kwamba mwili huizoea, na kwa hiyo isikatizwe ghafla. Miale ikifaulu na maumivu yakapungua, daktari hupunguza kipimo kidogo kidogo.

Woga wa pili ni kwamba morfini huharakisha kifo. Dhana hii imetokana na mazoea ya kuitoa kwa kuchelewa, siku mbili kabla ya mgonjwa kufariki, hata watu wakaiona dawa kuwa ndiyo iliyomwondoa. Ikianzishwa kwa kipimo kidogo na kupandishwa polepole, mgonjwa anaweza kuitumia kwa miezi mingi. Wapo wanaoinywa na kuendelea na kazi za mikono.

Kwa kawaida morfini ya maji hunywewa kila baada ya saa nne. Ratiba iliyozoeleka ni saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane mchana, saa kumi na mbili jioni na saa nne usiku. Mara nyingi daktari huagiza kipimo cha saa nne usiku kiwe mara mbili, ili mgonjwa na anayemuuguza walale hadi alfajiri. Dawa hunywewa saa yake ikifika hata kama mgonjwa anasema hajisikii vibaya. Hajisikii vibaya kwa sababu ameinywa. Maumivu yakichomoza katikati, kabla ya kubadilishwa kidonda au wakati wa kuogeshwa, kuna kipimo cha ziada ambacho daktari hukiandika mapema. Familia iandike kwenye daftari kila kipimo cha ziada kilichotolewa, kwa kuwa daktari hutumia daftari hilo kuamua kama kipimo cha kawaida kipandishwe.

Siku mbili tatu za kwanza mgonjwa anaweza kusinzia sana au kuhisi kichefuchefu. Yote mawili kwa kawaida hupita, na usingizi wenyewe mara nyingi ni deni la wiki nyingi za kukesha. Kufunga choo hakupiti. Kila anayepewa morfini anahitaji dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza, isipokuwa kama anaharisha, na familia iulize ikiwa haikuandikwa. Papai na maji mengi husaidia, ila hayatoshi. Wagonjwa wengi huacha morfini kwa sababu ya tumbo lililojaa, kisha familia husema dawa imemkataa.

Hatari ipo pia na isifichwe. Mgonjwa akiwa mgumu kuamka, akapumua polepole mno, mboni za macho zikiwa ndogo kama ncha ya sindano, asipewe kipimo kinachofuata, na hospitali ipigiwe simu au apelekwe mara moja. Mwenye ugonjwa wa figo huhitaji kipimo tofauti, kwa hiyo daktari aambiwe. Chupa zina nguvu tofauti. Lebo isomwe kila dawa inapochukuliwa upya, na kipimo kipimwe kwa bomba la sindano lisilo na sindano, si kwa kijiko cha chai. Ihifadhiwe mahali pa baridi pasipo jua, imefungiwa, mbali na watoto. Mgonjwa mwingine nyumbani, hata akiumwa mgongo vipi, asionjeshwe.

Kidonda, pumzi na chakula

Kuna mambo yanayowatesa wagonjwa kuliko maumivu, na mojawapo ni harufu. Saratani ya titi iliyopasuka au ya mlango wa uzazi hutoa harufu inayomfanya mgonjwa ajitenge, na wageni wakae mlangoni. Hutokana na bakteria wanaokua kwenye nyama iliyokufa. Wauguzi wa hospisi huwafundisha familia kukosha kidonda kwa maji ya chumvi, yaani kijiko kimoja cha chai cha chumvi katika nusu lita ya maji yaliyochemshwa na kupoa, kisha kunyunyizia unga wa vidonge vya metronidazole vilivyosagwa, kama muuguzi atakavyoelekeza. Bandeji iliyoshikana na kidonda ilowanishwe kwanza, isivutwe. Baada ya siku chache harufu hupungua sana, na pengine hilo ndilo humrudisha mgonjwa sebuleni. Marashi na udi havisaidii; huongeza tu harufu nyingine juu ya ile.

Anayekosa pumzi akalishwe kwa mito, dirisha lifunguliwe, apepewe usoni. Vipimo vidogo vya morfini hupunguza pia hisia ya kukabwa, jambo ambalo watu wengi hawalijui. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili mchana, na usiku kadiri inavyowezekana, ili asipate vidonda vya mgongo na nyonga. Kinywa kisafishwe kwa kitambaa laini na maji ya chumvi kidogo.

Kuhusu chakula, nyumba nyingi hugombana. Mwili unapokaribia mwisho hauna kazi tena na chakula kingi, na mgonjwa hupoteza hamu. Kumlazimisha humletea kutapika au chakula kupita njia ya hewa. Vijiko viwili vya uji anavyovitaka ni bora kuliko sahani nzima aliyosukumiwa. Ndugu waliotoka mbali huwa wepesi kumlaumu mke au binti aliyekaa na mgonjwa kwamba amemnyima chakula, na muuguzi wa hospisi anaweza kuombwa awaeleze wote pamoja, ili lawama isimwangukie mtu mmoja.

Yule anayeuguza

Kwa kawaida ni mwanamke: mke, binti, dada, mkaza mwana. Analala kwa vipande, anabeba mtu mwenye uzito kuliko wake, anaacha biashara yake ya mboga, na akilia hulia jikoni. Kuna wasichana wanaoacha shule ili wamkalie nyanya. Hospisi humhesabu mtu huyu kuwa naye ni mgonjwa wao. Humfundisha kumgeuza mgonjwa kwa shuka bila kuumiza mgongo, humsikiliza, na huketi na ukoo kugawana zamu. Mpango wa zamu ulioandikwa na kubandikwa ukutani, ukitaja jina la mwanamume pia, umeokoa nyumba nyingi.

Mzigo mwingine ni kuficha. Familia huficha jina la ugonjwa ili mgonjwa asivunjike moyo. Mgonjwa naye, aliyeshajua kutokana na mwili wake, huficha kwamba anajua ili familia isivunjike moyo. Wote hubaki wapweke katika nyumba moja. Muuguzi aliyefunzwa kazi hii hamtupii mtu habari. Humuuliza anaelewa nini kuhusu ugonjwa wake na angependa kujua kiasi gani, kisha hufuata jibu. Asiyetaka kujua huheshimiwa. Watoto nao waambiwe kwa maneno mepesi, maana wakiachwa hujibuni sababu zao, na mara nyingi hujilaumu.

Imani ina nafasi yake. Mwislamu asiyeweza kutumia maji anaweza kutayamamu na kuswali akiwa ameketi au amelala, na saa za dawa zinaweza kupangwa zisigongane na swala. Mkristo anaweza kuletewa ushirika kitandani. Imamu, padri au mchungaji akijulishwa mapema huwa msaada mkubwa kuliko akiitwa usiku wa mwisho. Kama mgonjwa anatumia dawa za miti shamba, muuguzi aambiwe bila aibu, kwa sababu baadhi hugongana na dawa za hospitali.

Mgonjwa aliyetulizwa maumivu anaweza pia kuzungumza juu ya mali yake, jambo ambalo anayeumwa sana hawezi. Chini ya Sheria ya Urithi ya Kenya, wosia wa maandishi huhitaji mashahidi wawili, na haifai wawe miongoni mwa warithi wanaotajwa. Wosia wa mdomo pia hukubalika ukitolewa mbele ya mashahidi wawili au zaidi, mradi aliyeutoa afariki ndani ya miezi mitatu. Kwa Waislamu mirathi hufuata sheria ya Kiislamu, na mambo hayo yanaweza kupelekwa kwa Kadhi. Hatimiliki, kitambulisho, namba ya akaunti na madeni vitajwe wakati huo. Mjane aliyeachwa bila kujua hati ziko wapi huanza msiba wa pili.

Jinsi ya kuipata huduma

Katiba, katika Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, na hospitali za kaunti na zahanati ziko chini ya serikali za kaunti. Taifa lina sera ya huduma shufaa ya 2021 hadi 2030. Kwa mkaazi, njia huanza karibu zaidi: kwa mhamasishaji wa afya ya jamii anayetembelea nyumba yake. Huyo anaweza kuripoti mgonjwa asiyetoka kitandani na kumwunganisha na zahanati au kituo cha afya, ambako barua ya rufaa ya kwenda hospitali huandikwa. Morfini huandikwa na daktari. Anayekwenda hospitali abebe barua za matibabu ya nyuma, matokeo ya vipimo, na dawa zote zinazotumika, hata za kununua dukani. Swali la kuuliza ni wazi: je, hapa kuna kitengo cha huduma shufaa, na kama hakuna, mgonjwa apelekwe wapi? Mgonjwa asiyeweza kusafiri anaweza kuwakilishwa na ndugu anayemfahamu vizuri, baada ya kupiga simu na kukubaliana na kitengo.

Mgonjwa awe amesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) kwa kupiga *147#, na dawati la SHA la hospitali liulizwe mapema ni huduma zipi zinalipiwa. Familia zisiuze ng'ombe au shamba kwa safari ya mbali kabla ya kumuuliza daktari waziwazi matibabu hayo yanatarajiwa kuleta nini.

Morfini haipatikani katika kila zahanati, na zipo siku inapokosekana hata hospitalini. Chupa isingojewe iishe. Ikibaki dawa ya siku nne au tano, mtu atumwe.

Mgonjwa akifariki nyumbani, taarifa hupelekwa kwa naibu wa chifu, ambaye hutoa kibali cha mazishi na kuanzisha usajili wa kifo. Hospisi nayo ijulishwe. Muuguzi hupiga simu au hufika tena baada ya mazishi, wageni wakishaondoka, kumwona aliyekuwa akiuguza na watoto. Siku hiyo hukabidhiwa morfini iliyobaki, au familia huirudisha yenyewe kwenye famasi iliyoitoa. Haimwagwi ovyo, na haiwekwi akiba kwa ajili ya mgonjwa mwingine.